Miaka miwili ya provizwari: wafanyabiashara wa Gisenyi na mtihani usiokubali haraka

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni ya Petite Barrière haijajaa, viazi vya Busasamana na Bugeshi huwa vimeshashuka mjini Gisenyi. Vimekuja juu ya Daihatsu, gunia juu ya gunia, na mwenye mali ameketi kando ya dereva huku akipiga hesabu kwenye simu: kodi ya gari, ujira wa dereva, wapakuzi, wabebaji wa kuvusha mzigo hadi Birere. Wakati mwingine gari si la kukodi. Ni lake, au la chama chake cha akiba. Kisicho chake ni usukani.

Mchukulie mama wa namna hiyo, maana wako wengi. Ana gari na ana wateja ng'ambo, na mkobani, pamoja na jeto ya kuvukia mpaka, ana karatasi ya leseni ya muda, ile ambayo Rwanda nzima huiita provizwari. Amekwenda kwenye mtihani wa vitendo mara mbili, mara tatu, na kila mara amerudi nyumbani kwa moto. Dereva wake akiugua, viazi vinalala. Dereva akipata kazi Musanze, viazi vinalala tena. Nyanya hazina hata muda huo wa kulala, kwani zikichelewa siku moja mnunuzi wa Goma anazishika, anazibonyeza, kisha anataja bei yake yeye.

Kwa mtu kama huyo kufeli mtihani wa udereva si jambo la aibu tu, ni gharama inayojirudia kila wiki. Na karatasi ile mkobani ina tarehe.

Saa inaanza kuhesabu lini

Mfumo wa Rwanda una hatua mbili, na zote mbili ziko chini ya Polisi ya Taifa. Kwanza ni nadharia: maswali 20, na anayepata 12 amefaulu. Akifaulu, anapewa leseni ya muda ya kujifunzia inayodumu miaka miwili. Pili ni vitendo, uwanjani na barabarani, na anayefaulu huko ndiye anayepata leseni ya kudumu. Usajili wa hatua zote hufanyika kupitia Irembo, kwa simu au kwa mawakala wenye vibanda, na malipo hupita kwenye simu.

Katika hatua hizo mbili kuna jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa wamechelewa. Anayefeli nadharia hapotezi kitu zaidi ya ada na siku moja ya sokoni. Anaweza kufeli mwaka mzima, akarudi, akafeli tena, na hakuna kinachomfukuza. Saa inaanza kuhesabu siku provizwari inapotolewa. Toka hapo kila mwezi unaopita bila kugusa usukani ni mwezi uliotolewa kwenye ile miaka miwili, na ikimalizika kabla ya kufaulu vitendo, mtahiniwa anarudi kwenye maswali 20 kama mtu ambaye hajawahi kuyaona.

Ndiyo maana haraka ya wafanyabiashara wengi inakwenda kinyume. Hukimbilia nadharia kwa sababu ni rahisi kuiingiza katikati ya shughuli: kijitabu cha alama za barabarani kinasomwa kwenye foleni ya mpakani, maswali ya mazoezi yanajibiwa kwenye simu usiku. Provizwari inapatikana, furaha inakuwa kubwa, kisha inakunjwa na kuwekwa. Msimu wa viazi unakuja. Watoto wanarudi shule na karo inataka kulipwa. Fedha za shule ya udereva zinaingia kwenye mtaji, na mtaji hauna likizo. Mwaka wa kwanza unakwisha mtu hajakaa kwenye kiti cha dereva hata mara kumi. Mwaka wa pili anajisajili kwa wasiwasi, anafeli, anasubiri nafasi nyingine katika wilaya, anafeli, na sasa kila jaribio linabeba uzito wa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kungoja nafasi si jambo dogo. Wakati wa korona mitihani ilisimama, provizwari nyingi zikapitwa na muda zikiwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa na pa kufanyia mtihani, na serikali ikalazimika kurefusha muda wake. Foleni iliyojengeka wakati ule ilichukua miaka kupungua. Waliokuwa nayo wanakumbuka jinsi siku za usajili zilivyokuwa: ukurasa unafunguka, nafasi za wilaya zinajaa, na wakala anakuambia ujaribu tena.

Kwa hiyo mwenye biashara aliye makini angefanya kinyume cha desturi. Angeweka kwanza akiba ya masomo ya usukani, angechagua miezi ambayo soko limepoa, ndipo angekwenda kuchukua provizwari.

Gari linazima mlimani

Ukiwauliza wakufunzi wa Gisenyi wanafunzi wao huangukia wapi, usishangae ukitajiwa demaraji, yaani kuondosha gari likiwa limesimama kwenye mlima. Kuna maegesho ya kurudi nyuma, kuna kupenya kati ya koni bila kuzigusa, na kuna barabara yenyewe yenye magari na pikipiki. Lakini mlima ndio unaomfedhehesha mtu mbele ya macho ya wenzake. Gari linatetemeka, linazima, linarudi nyuma, na mguu wa mtahiniwa unaanza kucheza wenyewe.

Umbo la mji lina sehemu yake katika hili. Gisenyi ya chini, ile ya kando ya Ziwa Kivu, ni tambarare. Barabara ya ufukweni ni pana, ina miti, ina hewa nzuri, na anayejifunza hapo hujiona dereva ndani ya wiki mbili. Ng'ambo, Goma imekaa juu ya lava, kwa sehemu kubwa bila milima ya kumsumbua mtu ndani ya mji, ndiyo maana chukudu za mbao zinabeba mizigo huko bila injini. Lakini Wilaya ya Rubavu kwa jumla si tambarare. Panda kuelekea Rugerero na Kanama, au fuata barabara ya Nyamyumba inayokwenda kwenye kiwanda cha bia, utakutana na Rwanda ya milima elfu. Mteremko wa kuingia mjini kutoka Musanze umeshashuhudia malori yaliyokosa breki, na misiba iliyofuata. Mtahini anayemtaka mtu aonyeshe kwamba anaweza kulishika gari mlimani hana ukatili wowote. Anauliza swali ambalo barabara ya nyumbani kwa mtahiniwa itamuuliza siku yoyote.

Kazi yenyewe si ngumu, ila inadai utulivu ambao hauji kwa kusikiliza maelezo. Breki ya mkono imefungwa, gia ya kwanza imeingia. Mguu wa kushoto unaiachia klachi, ambayo waliofundishwa Kifaransa huiita ambrayaji, polepole mpaka mlio wa injini unabadilika, unakuwa mzito, na pua ya gari inajiinua kidogo. Hapo mguu unasimama. Usiendelee kuachia, usirudi kukanyaga. Mguu wa kulia unaongeza mafuta kidogo, ndipo mkono unafungua breki. Anayefeli mara nyingi amefanya yote hayo kwa mpangilio sahihi ila amekimbia pale kati, kwenye ile sekunde moja au mbili ya kusubiri.

Na kuna hili la gari. Kila klachi ina mahali pake pa kushika. Aliyejifunzia pikapu ya shemeji, kisha siku ya mtihani akakodi gari la shule ya udereva ambalo hajawahi kulikalia, atautafuta mguu wake mbele ya mtahini. Fedha za saa moja kwenye gari lile lile siku moja kabla zina faida kuliko ada ya jaribio jingine.

Mzoefu naye anafeli

Wapo wanaofeli kwa sababu ya pili, na hao huumia zaidi kwa kuwa hawaelewi kosa lao. Ni watu waliokwisha kuendesha. Miaka mingi wamesogeza magari sokoni, wameyarudisha nyuma kwenye maghala, wamekimbiza pikipiki kwenye njia za vijijini. Mikono yao inajua. Ila mikono hiyo imejifunza pia kukata kona bila ishara, kuondoka bila kutazama kioo, kushika usukani kwa mkono mmoja huku mwingine ukining'inia dirishani. Mtahini hapimi kama gari limefika. Anahesabu makosa, na kutotazama kioo ni kosa hata kama nyuma hakukuwa na mtu.

Mwanafunzi mpya hana cha kusahau. Mzoefu ana kazi mbili, kujifunza na kujisahaulisha, na ya pili ndiyo inayochukua muda. Kwa yeye kurudia mtihani mara tatu bila kukaa na mkufunzi ni kurudia tabia zile zile mara tatu, na kulipia.

Ada yenyewe kwa mtihani wa vitendo imekuwa faranga 10,000 kwa jaribio, na faranga 50,000 za leseni kwa aliyefaulu. Anayefeli mara tano ametoa, kwa ada peke yake, gharama ya kadi yenyewe. Bado hajahesabu gari la kukodi kwa siku ya mtihani, wala siku tano ambazo mzigo ulisimamiwa na mtu mwingine. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo kubwa, na ndiyo ambayo hakuna anayeiandika.

Kwenye nadharia nako kuna kizuizi kinachowagusa wasomaji wa gazeti hili. Maswali huulizwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza. Mtu aliyekulia Majengo akizungumza Kiswahili nyumbani na sokoni, au aliyerudi kutoka Goma, anaweza kuzijua alama zote kwa macho na bado akakwama kwenye maneno. Kinyarwanda cha kitabu cha sheria si cha mtaani: gari ni ikinyabiziga, njia panda ni isangano, sehemu yenye makazi ni insisiro. Maswali yamejengwa juu ya amri ya rais namba 85/01 ya tarehe 2 Septemba 2002 kuhusu usalama wa barabarani, na lugha yake ni ya kisheria, yenye vipimo. Upana wa gari usizidi mita 2.50, kwa mfano, na katika majibu manne mawili yatakuwa yanakaribiana sana. Anayefeli kwa 10 au 11 mara nyingi hakukosa akili ya barabara. Alisoma swali kwa haraka, akaruka neno dogo lililobadilisha maana.

Mwanamke wa mboga wa Korea

Habari ya mtu aliyefeli kuliko wote inatoka mbali, na inafaa isikike Gisenyi kwa sababu alikuwa muuza mboga. Cha Sa-soon, mjane wa Korea Kusini, alianza kufanya mtihani wa nadharia Aprili 2005. Alitaka gari la kusafirishia mboga zake. Alifeli. Mwanzoni alikuwa akifanya mtihani karibu kila siku ya kazi, baadaye mara mbili kwa wiki, akipanda basi kutoka kijijini. Novemba 2009 alipata alama 60 zilizohitajika, kwenye jaribio la 950. Vitendo vilimchukua majaribio machache tu, na Mei 2010 akapata leseni akiwa na umri wa miaka 69. Ada zilikuwa zimemgharimu zaidi ya dola 4,000 za Marekani. Kampuni ya Hyundai ilimpa gari.

Watu husimulia kisa hicho kama cha ustahimilivu, na ni kweli. Mfanyabiashara akikitazama kwa jicho lake ataona kitu kingine. Bibi huyo alikwama kwenye nadharia, mahali ambapo kufeli hakuna tarehe ya mwisho. Angekuwa Rubavu, angeweza kufeli vile vile mara 949 bila provizwari yoyote kuisha muda, mradi nafasi za usajili zipatikane, ingawa hapa zisingepatikana kila siku. Kwenye vitendo, hatua yenye saa ukutani kwa upande wetu, yeye alipita upesi: shule ya udereva ilimchukua na kumfundisha.

Njia za mkato, na njia mpya

Mpaka hauko mbali, na wazo la kupata leseni ya upande wa pili limepita vichwani mwa wengi waliofeli. Hapo pana shimo. Leseni ya kigeni inayoletwa kubadilishwa Rwanda huchunguzwa, na Polisi imeshawakamata watu mara nyingi kwa leseni za kughushi, kama ilivyowakamata waliojaribu kununua matokeo kupitia makomisiyona. Mfanyabiashara aliyekamatwa hivyo hapotezi leseni peke yake. Anayelala mahabusu hajui viazi vyake vimefikia wapi.

Njia halali zimeongezeka kidogo. Tangu 2024 mtu anaweza kufanyia mtihani kwenye gari la otomatiki, lisilo na klachi, na leseni yake ikabainisha kwamba ataendesha otomatiki tu. Kwa anayetaka gari la familia, hilo limeondoa jinamizi la mlima. Kwa anayetaka kubeba mzigo, afikiri mara mbili: Daihatsu na pikapu nyingi zinazopanda Busasamana ni za gia za mkono, na leseni ya otomatiki itamwacha kwenye kiti cha abiria kama zamani. Atazame pia daraja. Leseni ya daraja B inaishia kwenye gari lisilozidi kilo 3,500 pamoja na mzigo wake. Mwenye ndoto ya Fuso anahitaji daraja C.

Mwaka huo huo wa 2024 kituo cha mtihani wa kompyuta kilifunguliwa Busanza, wilayani Kicukiro, jijini Kigali. Vihisi na kamera ndivyo vinavyohesabu makosa. Kwa wanaoamini kwamba wamefelishwa kwa kuonewa, hicho ni kipimo kisichomjua mtu. Lakini kutoka Gisenyi ni takriban kilomita 150, na kompyuta nayo haisamehi koni iliyoguswa.

Jirani zetu wana mitindo yao. Kenya, mtahiniwa huanza kwa kusogeza gari dogo la kuchezea juu ya meza yenye mji wa mfano, akieleza nani apishe nani. Uganda na Tanzania huendesha kushoto, Rwanda, Burundi na Kongo kulia, hivyo aliyefaulu Gisenyi akipeleka mzigo Kisoro atabadili upande wa barabara pale Cyanika, jambo ambalo hakuna mtihani uliomwandaa nalo. Kuvuka kwenda Goma hakuna shida hiyo. Huko atahitaji bima inayotambulika ng'ambo, ile kadi ya njano ya COMESA, na subira ya kupita kati ya chukudu na baiskeli za magurudumu matatu za walemavu wanaosafirisha bidhaa, ambao wanaujua mpaka huo kuliko dereva yeyote.

Yule mama wa viazi, kama alivyo sasa, amebakiza miezi mitano kwenye provizwari yake. Anaweza kujisajili kesho kwa wakala na kwenda kubahatisha mara ya nne. Au anaweza kumwomba dereva wake, Jumapili mchana magari yakiwa machache, wapande naye barabara ya Nyamyumba wakiwa na gari tupu. Ahakikishe tu kwamba aliyeketi kando yake ana leseni kamili. Asimame katikati ya mlima, avute breki ya mkono, aiachie klachi mpaka injini ibadili sauti, na asubiri.